Nimsifu Mgema

Kazi yangu ni mizani, njia ya Pongwe.
Lori linapanda, namba inatulia,
naandika tani, nagonga muhuri.
Saruji haibishani. Mkonge haubishani.
Madereva ndio wabishi:
"Bwana Mhina, hilo ni tope tu la magurudumu."

Juzi kabla ya alfajiri, barabara tupu,
nilipanda mwenyewe juu ya lile bamba la chuma.
Nilivua viatu, nikavishika mkononi.
Ikaandika mia.
Haijui kilo moja moja, inaruka kwa ishirini ishirini;
kwake mimi nilikuwa mia mwezi uliopita,
na mia nitabaki hata nishinde njaa mpaka Idi.

Ya Bombo haina heshima hiyo.
Mia na nne, akasoma Sista Namkunda,
akanipa daftari la shule, kurasa arobaini,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
"Kila kinachopita mdomoni, andika.
Na cha kunywa kinapita mdomoni,
au kwenu kinapita wapi?"

Nikaandika.
Ugali, ngumi mbili. Mchicha.
Dagaa, nimewafyonza mafuta kwa gazeti.
Bia kubwa, mia mbili na ushee:
hiyo ni chapati, alisema, chapati isiyotafunwa.
Basi nikawa mchuuzi wa tumbo langu,
nauza ugali, nanunua chupa.
Wali wa nazi wa Eseri nauacha mezani chini ya kawa,
naenda kunywa chapati tatu gizani.
Hesabu inatimia. Mkanda haufungi.
Na usiku wa manane napapasa jikoni
kama panya mwenye funguo.

Bia ina namba, nikaiacha.
Mnazi hauna namba.
Mnazi unakuja na dumu la manjano,
na nyuki wawili waliokufa kwa raha,
na Mzee Mbelwa wa Mwambani, mgema,
ambaye ukimuuliza kata moja ina kalori ngapi
anaitazama, anainusa, anasema:
"Ya asubuhi au ya jioni?"
Kweli, wa asubuhi mtamu, wa jioni mkali.
Ile sukari imekwenda wapi?
Sista mwenyewe alikuna kichwa kwa peni.

Ndipo nikaukumbuka msemo:
mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Nikasema, dawa hii hapa!
Nikamsifu.
Mzee Mbelwa, toka Sahare mpaka Kigombe
hakuna mkono kama wako.
Mzee Mbelwa, minazi ikikuona inashuka yenyewe.
Wiki nzima nasifu, nangoja maji.
Mzee akazipokea sifa kimya kimya,
akaniongeza kata ya bure.
Aliyetunga methali hakumjua Mbelwa.

Jumapili Eseri aliliona daftari.
Kalori hazijui, wala hakuuliza.
Alichukua peni nyekundu,
ile ya kusahihishia madaftari ya darasa la nne,
akapiga mstari kwa rula,
akaongeza safu pembeni: shilingi.
Akaijaza hadi chini
bila kuniuliza bei hata moja.
Kisha akalirudisha chini ya redio,
akalifunika kitambaa, kama lilivyokuwa.

Jioni nikaenda Mwambani.
Nusu kata, nikamwambia Mbelwa.
Akamimina. Nusu yake ni ya watu wa zamani,
inafika ukingoni na povu juu.
Nikaandika: nusu.
Nikafuta kwa kidole chenye mate, karatasi ikachubuka.
Nikaandika: moja.
Nikakaa, kata mapajani,
naitazama ile safu, leo bado haina kitu,
na peni niliyonayo ni ya bluu.