Miaka Thelathini ya Moshi

Baba alipiga bati Tukuyu miaka thelathini,
jiko lile lile: duara, miguu mitatu,
mlango unaogoma kufunga.
Gunia la mkaa liliisha kabla ya mwezi,
mama akikohoa, baba akisema
mkaa wa siku hizi ni mwepesi.
Wateja hawakulalamika. Wangelalamikia nini?
Nani amewahi kuishtaki mvua ya Tukuyu kwa kulowesha?

Kisha wakashusha mitungi dukani kwa Mwaisumo,
ya kijani, wima kama watoto wa kipaimara.
Mwalimu Subilaga akanunua wa kwanza.
Tukaenda kuchungulia moto wa bluu,
moto usioomba kupepewa.
Chai ikachemka hatujamaliza salamu,
na salamu zetu ni ndefu, unatujua.

Mwezi ule baba aliuza majiko mawili.
Moja akarudishiwa.

Hakusema neno. Alipanda gari la Kyela,
akarudi na gunia la pumba za mpunga
na udongo wa Ikombe, wa wale mama wafinyanzi.
Akauponda, akauchanganya, ukapasuka.
Akauchanganya tena, ukapasuka.
Usiku nyundo ilishindana na mvua batini.
La nne likakubali:
tumbo la udongo, kiuno chembamba,
mlango wa hewa unaoteleza kama droo.
Maharage yakaiva kwa mkaa wa viganja viwili,
majivu yakabaki meupe, laini kama sembe.

Watu wakarudi, wakasifu.
Ni bibi Tusekile tu, aliyeacha mapafu yake
jikoni pamoja na ujana,
ndiye aliyeliinua, akaligeuza, akauliza:
"Ambokile, udongo huu ulikuwa wapi?"

Ulikuwa Ikombe, bibi.
Na mpunga wa Kyela unakobolewa
tangu babu yangu hajaota ndevu.
Baba alikuwa na misumari mdomoni.
Hakuitoa.

Sasa nikuambie la ndani:
nyumbani kwetu, nyuma ya pazia, upo mtungi.
Mama ndiye aliyeuleta, na hakuomba ruhusa.
Baba anaunywea chai bila kuutaja jina.
Lakini jana alfajiri nilimkuta
amepiga magoti mbele yake, moto umezimwa,
kipande cha uzi mkononi,
anahesabu matundu.