Ya Kuongeza Damu

Muuzaji wa Buguruni alinipimia kilo tatu,
bitiruti zenye udongo wa Lushoto bado kwenye mizizi,
akauliza, "Mama, nyumbani kuna mgonjwa?
Hizi ndizo za kuongeza damu."
Nikamwambia, imeshaongezeka, mwanangu.
Ina miaka thelathini na minane.
Inatua Alhamisi usiku,
na kwenye picha aliyoituma
ina paji la uso la marehemu mume wangu.

Kihwelo, hukuniambia.
Uliniambia mji unaoandikwa hivi, ukatamkwa vile,
uliniambia viatu vilivyopasuka kwenye theluji,
mama mwenye nyumba aliyewahesabia makaa, kipande kwa kipande,
na supu.
Kila Desemba, supu.
Tabata nzima inanukia pilau, wewe jasho linakutiririka,
unaulizia bitiruti.
Nilidhani unakumbuka baridi.

Basi kazi hii naijua kuliko wenyewe.
Unamenya, unakata duara,
unazamisha kwenye chupa ya maji ya chumvi,
kitunguu saumu, punje za pilipili manga.
Ulitaka na ganda la mkate mweusi.
Nilikuwa natia kipande cha chapati kilichoungua,
hukugundua, miaka thelathini na mmoja.
Kwao, ulisema, huchacha juma zima.
Hapa siku ya tatu tu inakoroma kama togwa,
na usiku kifuniko kinaruka.

Mama Tunu alichungulia dirishani,
akaona mikono yangu nyekundu mpaka viwikoni.
"Jirani, umechinja?"
"Bado," nikasema.

Kisha unga, kisha uyoga uliosagwa,
kukunja kama sambusa halafu kuziunganisha ncha.
Masikio madogo, ndivyo wanavyoyaita,
yanaelea kwenye supu.
Nilikunja mpaka unga ukaisha.
Nikahesabu: arobaini.
Hatukukupangia iwe hivyo, mimi na unga.
Nikavuta kigoda nikakaa.

Jumamosi akaketi kwenye kiti chako,
hakujua ni chako, na mimi sikusema.
Bogna. Jina kama kitu kinachodondoka majini.
Mjukuu wetu Sikitu ndiye mkalimani,
ana kiherehere, anatafsiri hata kukohoa.
Nikamimina.
Wanasema damu nzito kuliko maji;
hii ni nyepesi, unaona hadi ua
lililochorwa chini ya bakuli.

Akaonja. Akanyamaza.
Akaonja tena, akasema maneno mengi,
na Sikitu akayafupisha kama kawaida yake:
"Anasema kwao hawakupika hii.
Mama yake alinunua ya pakiti.
Unachemsha maji, unamwaga unga, basi."

Kijiko kilinisimama mkononi.
Tangu ile barua ya kwanza
nimekuwa nikimwona yule mwanamke jikoni kwake,
aproni nyeupe, mvuke, wewe nyuma yake.
Nimeona wivu juu ya sufuria isiyokuwapo!
Kumbe supu ilikuwa ya mwenye nyumba,
kikongwe wa watu, mhesabu makaa.
Nikacheka hadi Sikitu akaniletea maji.
Bogna naye akacheka, bila kutafsiriwa,
na hapo nikaliona pengo la meno yako.

Sikukusamehe, usijipe moyo.
Hayo tutayazungumza nikifika huko.

Leo Jumapili umeme umekatika.
Jiko la mkaa liko uani, tumekalia ndoo mbili.
Anakwangua zilizobaki, tuzile na siki na tufaha,
zile kavu, za kula na nyama.
Ananionyesha kwa vidole: chumvi kiasi gani?
Nami sijui kipimo, najua ulimi.
"Onja," namwambia. "O-nja."
"Onja," anasema, na anaonja.

Mama Tunu kapita tena, katuona wawili,
viganja vyekundu, kucha nyekundu,
hakuuliza kitu.
Bogna kasugua sabuni mara tatu, haitoki.
Ndimu ndiyo inayotoa.
Iko pale juu ya dirisha, nusu, nimeikata asubuhi.
Sijamwambia.