Muhuri wa Mizani

Kila mwaka anafika bwana wa vipimo hapa Mwaloni
na begi lake la mawe ya shaba.
Anapakia kilo tano, anapakia kumi,
anauchungulia mshale
kama daktari anayechungulia jicho,
kisha anabandika muhuri.
Mizani ya dagaa, jamani.
Hata dagaa wana mtu wa kuwauliza wauzaji wao.

Mimi hakuna aliyenipima.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, daraja la pili,
barua ya chuo cha uuguzi nimeikunja ndani ya daftari la kwaya.
Kanisani kwetu Mabatini, pale paa linapoegemea jabali,
Askofu Nehemia aliniita katikati ya matangazo,
baada ya kikao cha wamama,
kabla ya pikipiki iliyoziba njia:
Nyamizi, Bwana amekuchagua. Chuo cha Wavunaji.
Makofi yalianza kabla sijameza mate.
Mama akapiga kigelegele.
Utasemaje hapana juu ya kigelegele cha mama yako?

Nilisema wiki iliyofuata, ofisini, kwa sauti ya chini.
Nikatajiwa Yona.
Mimi, niliyekua nikipasua sangara pale Igogo,
natishiwa tumbo la samaki!
Nilicheka kidogo.
Kicheko hicho kiliombewa siku tatu.

Halafu salamu zikapungua.
Mama akawa anapewa nusu ya mkono, vidole tu,
na kiti chake pale mbele kikapata mwenyewe.
Nikakubali.
Sikuitwa na Mungu. Niliitwa na kile kiti.

Chuo kilikuwa Buhongwa: vyumba vitatu,
na bango kubwa kuliko ubao.
Ada ya kwanza ilikuwa cherehani ya mama.
Ya pili, mbuzi wa bibi wa Misungwi.
Mwaka wa tatu tulibeba mchanga wa nyumba ya askofu,
na hilo likaitwa somo, Utumishi kwa Vitendo.
Nilipata A.

Sitadanganya. Mwalimu Lameki
alitufundisha Kiyunani kwa vipande vya chaki vya kuokota,
na usiku nikikosa usingizi bado nazihesabu herufi zile,
alfa, beta, gama, mpaka kunakucha.
Nilipenda. Ndicho kinachouma.

Cheti kilikuja na utepe na nembo ya dhahabu.
Dada wa dirishani, ofisi za halmashauri,
alikigeuza, akatafuta kwenye kompyuta, akakigeuza tena,
akaniuliza polepole,
kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa aliyekwisha kufa:
Hiki chuo kimesajiliwa wapi?
Nikamjibu: mbinguni.
Nilidhani natania.
Hakucheka. Wala mimi.

Jumapili iliyopita wamemsimamisha Ng'wigulu,
mtoto wa Kabula muuza maandazi,
kijana anayefufua redio zilizokufa.
Barua yake ya ufundi umeme ilichungulia mfuko wa shati.
Makofi.
Kabula akafumbua kinywa, ulimi tayari.

Sikuwa na hotuba. Nilisimama tu, benchi la tatu,
nikaliazima swali la dada wa dirishani,
na upole wake wote:
Hiki chuo kimesajiliwa wapi?

Feni ikasikika.
Kigelegele kikabaki mdomoni mwa mwenyewe.
Mtu mmoja nyuma akakemea pepo,
na nilipotoka, hata watoto wa mlangoni
waliuficha mkono.

Leo Jumatatu Kabula amekuja Mwaloni.
Hajanisalimu.
Ameagiza kilo mbili, uso ameupeleka ziwani,
nami nimempimia, nikamwongezea kiganja kimoja juu.
Amelipa. Hajaondoka.
Ameinama, jasho la maandazi bado shingoni,
akausoma muhuri wa mizani, herufi kwa herufi,
akapitisha kidole juu yake.

Huu, akasema, hutolewa na nani?