Wa Kwanza Kufika

Lira, saa nne asubuhi. Namwinamia mrija wa kioo
mwembamba kuliko unywele wa mtoto
ambaye damu yake naipima:
tone moja la kisigino, limekaukia kwenye karatasi,
hudhurungi, kama doa la chai.
Jina: Ebong. Umri: siku kumi na mbili.
Mama: Apili Molly, wa Amach.

Nimelilowesha, nimelipa njia.
Volti kwa maelfu zimeshika ncha mbili za uzi huu,
na ndani yake mna mto.
Himoglobini zina chaji hasi, zaogelea kurudi zilikotoka;
mto haujali, wazisomba zote mbele,
na penye kidirisha, taa yahesabu zinazopita.

Juzi Ogwal, mwanafunzi wangu, aliniuliza,
"Kwa hiyo anayetangulia ndiye hodari?"
Hata. Anayetangulia ndiye aliyeshindwa kupinga.
Herufi moja ilibadilika katika maandishi ya uzazi,
chaji ikadondoka,
mikono ya S ikalegea, mto ukambeba.
Hodari ni A, ajaye mwisho akitweta.

Dakika ya tano umeme unakatika.
Mle ndani walioanza kuachana
wanarudiana taratibu,
kama ndugu waliosikia kesi imeahirishwa.
Jenereta inakohoa nyuma ya stoo.
Naosha mrija. Naanza upya.

Kilele kidogo, mapema: S.
Kisha mlima wa F, ambao kila mchanga hutoka nao tumboni.
Kisha namngoja A.
Namngoja kama mgeni ambaye chakula chake kimeshapoa.
Mstari umelala chini, umelala,
hadi ukingo wa skrini.

Kaka yangu Okwir alikufa akiitwa mvivu.
Jembe lilimshinda, magoti yakimwaka moto,
na hapakuwa na mrija wa kumtetea.

Nje, kwenye benchi, namwambia Molly: selimundu.
Namwambia penisilini, foliki asidi, chandarua,
maji, maji mengi, kliniki ya Jumanne.
Halii. Anaomba aione mashine.
Nafungua mlango, nampa mrija mkuukuu tuliokwisha kuutupa.
Anauinua kwenye mwanga.
"Huu?"
Anamhamishia Ebong bega la pili.
"Mwembamba hivi, na umepitisha neno zito namna hiyo."

Jumanne, nasema tena. Saa mbili.
Uje mapema, foleni huwa ndefu.