Daftari la Mililita

Miaka arubaini nimezibua mabirika ya Mkomani,
nikijipenyeza na tochi na patasi
kwenye mifereji ya chokaa, makoa na mizizi ya mwarobaini,
na siku zote nikiwaambia wenye nyumba:
msingoje hadi maji yarudi nyuma.
Mimi mwenyewe nikangoja.

Miaka mitatu nilisimama chooni usiku,
mkono ukutani, nikihesabu boriti.
Tone. Tone. Kisha kimya,
na Maimuna nyuma ya pazia
akijifanya amelala.
Haya ni mchwa: hula ndani kwa ndani, hapigi hodi.

Hospitalini tezi ikakatwa, njia ikafunguka.
Nikanunua halwa, nikadhani yamekwisha.
Daktari akainua picha kwenye mwanga:
"Mzee Famau, mlango tumeufungua,
ila nyumba imechoka kusukuma."
Kibofu changu, alisema, kilishindana na kizuizi
mpaka nyama yake ikawa kovu,
ukuta mnene usiojua kukunja wala kukunjua.
Hakuhitaji kunieleza mara mbili.
Nimeuona mpira wa pampu
uliovuta miaka mbele ya valvu iliyoziba:
ukiubonyeza, haurudi.

Ndipo Mwanakheri, mjukuu wangu anayesomea mambo ya seli,
akaja likizo, akakaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu.
"Babu, ndani ya kila seli mna maandishi.
Wanachukua neno moja, jeni,
wanampa kirusi aliyeng'olewa meno,
wanamtuma kibofuni akalisome
mpaka nyama ikumbuke ilivyokuwa laini."
Yaani mmemkamata mwizi mkamfanya tarishi?
"Ndiyo hivyo."
Na barua ameifikisha kwa nani?
Akachezea kandambili yake.
"Kwa panya, babu. Kwa panya imefika."

Nikacheka hadi nikalowesha kikoi.
Maimuna naye akacheka, pazia wazi,
mara ya kwanza tangu sijui lini.
Panya! Wanaonitobolea magunia ya saruji,
wao ndio waliotangulia kupata shifaa.

Siwaonei wivu. Au kidogo tu.
Hata mimi dawa mpya ya kuziba nyufa
sikuianzia kwenye birika la mtu;
niliijaribu kwenye mtungi mbovu,
ukivuja, hapana wa kunishtaki.
Lakini mtungi hauamki saa tisa za usiku.

Mimi naamka. Natia mpira mwenyewe
kama nesi Kache alivyonifunza: sabuni, mafuta, subira.
Maji yanashuka kwenye jagi lenye mistari,
nami naandika katika daftari langu la madeni,
chini ya majina ya waliokufa bila kunilipa:
Jumanne, mia mbili na kumi.
Jumatano, mia mbili.
Alhamisi nilisahau kuandika.

Mwanakheri ameomba nakala.
Ukurasa wa mwisho nimeuacha mtupu.
Si matumaini, msinisingizie.
Fundi huacha tundu kwenye ukuta mpya
kwa ajili ya bomba ambalo bado halijaletwa.