Ng'ombe Aliyehamisha Kaskazini

Ng'ombe asiyetaka kuteremka mlima
usimchape. Msikilize.
Hapa São Jorge, kisiwa chembamba kama mgongo wa kisu,
kila njia ni kupanda au kuteremka,
na anayekataa kuteremka ana chuma ndani.

Nilijifunza hivyo kwa mikono:
mgongo umepinda, viwiko vimetanuka,
ukimfinya juu ya mabega anaguna
kama mdeni aliyekumbushwa.
Ulimi wa ng'ombe hauchagui. Huzoa nyasi
na kilichomo nyasini, msumari wa paa, waya wa seng'enge,
vyote vikashuka tumbo la pili, lile lenye sura ya sega la nyuki,
na mbele ya sega hilo, unene wa kiganja tu,
moyo unapiga.

Miaka kumi na minne nilipasua ubavu wa kushoto,
nikazamisha mkono mpaka begani,
nikipapasa ndani ya uji wa moto wa majani
ncha isiyozidi punje ya mchele.
Wengine walipona. Wengine niliwashona
huku nikijua nafunga barua isiyo na wa kuipokea.

Evaristo Bettencourt hakuwa daktari wa chochote
ila redio.
Alinishikia taa usiku tulipompoteza Pombinha,
ng'ombe wa dada yake.
Akanawa mikono, akakaa kimya, kisha akauliza:
"Mbona msumari tunaufuata sisi?
Si uitwe, uje wenyewe?"

Akavunja spika ya redio ya marehemu babake, akatoa sumaku.
Ya kwanza ilikuwa pete: ilikwama kooni,
ng'ombe akaikohoa, ikanivunja jino.
Ya pili ilikuwa na pembe; hiyo tusiitaje.
Ya tatu aliisaga wiki mbili kwenye jiwe la kunolea
hadi ikawa kama kidole cha mtoto,
akachonga bomba la mti, laini lisikwaruze koromeo,
na kijiti cha kusukumia.
Estrela wa Dona Hermínia aliimeza,
akaturamba mikono akidai nyingine.

Lakini utajuaje imefika? Tumbo halina dirisha.
Nikatoa dira niliyoachiwa na kaka aliyehamia Kanada,
nikaipitisha chini ya kifua,
polepole.
Sindano ikatetemeka. Ikaiacha ncha ya dunia,
ikageuka, ikamwelekea ng'ombe.
Evaristo akavua kofia.
Kaskazini ilikuwa imehamia zizini.

Miaka tisa Estrela alipanda na kuteremka.
Alipochinjwa, uzee umemlemea, mchinjaji alituita.
Sumaku ilikuwa imeota manyoya:
misumari saba, vijiwaya visivyohesabika, nusu ya kibanio cha nywele,
sindano ya kushonea magunia.
Dona Hermínia akaigeuza chini juu,
akaigeuza tena, akitafuta.
"Pete ya Anselmo," akasema. "Ilimvuka hapa hapa zizini,
mwaka wa mvua nyingi."
Evaristo akatazama viatu vyake.
"Dhahabu haiitiki, Dona. Ukiita, kinakuja chuma."
"Hata Anselmo hakuwa akiitika,"
akacheka, akatufungia kipande cha jibini.

Sumaku tuliichemsha. Sasa imo ndani ya kitukuu cha Estrela,
mtamba mmoja mkorofi anayekula hata kamba za viatu.
Na dira ile, kwa kukaa mkoba mmoja na kazi za Evaristo,
imeharibika kabisa.
Ukungu ukishuka nikaitoa
sindano huzunguka, huzunguka,
husimama ikitazama mahali pasipo kaskazini,
nami nafuata, sina jingine la kufuata,
na mara nyingi, kabla sijaona ua wala ukuta,
nasikia kengele.