Hita Mbili Kati ya Nne

Saa kumi na moja kasoro, Igogo bado giza.
Upepo wa ziwani unapanda kwenye mawe
kama mdai anayeujua mlango.
Umande umelala juu ya kioo,
naufuta kwa kiganja, kiganja kinakufa ganzi.

Hita za pikapu hii ni nne. Mbili zimekufa.
Fundi Lugembe alisema nilete laki moja na nusu;
nikamwambia, ningekuwa nayo
nisingekuwa mteja wako.
Basi nazungusha ufunguo nusu,
taa ya njano inawaka,
imejikunja kama jongoo aliyeguswa,
nami nahesabu kwa Kisukuma, alivyonifundisha baba:
imo, ibili, idatu,
hadi ikumi, halafu tena, halafu tena,
kwa kuwa walio hai wanafanya kazi ya marehemu.

Nimeliegesha kichwa kikitazama bondeni,
jiwe mbele ya tairi.
Likigoma, natoa jiwe, naita vijana.
Mtaani wanaliita Msukuma,
si kwa kabila, kwa kazi waliyoifanya:
tumelisukuma miaka miwili, wanasema,
na bado halijajifunza.

Mara ya kwanza, kikohozi.
Mara ya pili, kikohozi na tusi.
Mara ya tatu linashika,
linatetema hadi kikombe cha chai kwenye dashibodi
kinatembea chenyewe,
na moshi mweupe unaingia kwa mama Sizya
anayefunga dirisha bila kusema neno,
kwa kishindo kinachosema yote.

Sasa ni kungoja.
Dizeli ya baridi haikanyagwi.
Chuma kimekuwa kigumu kama ugali wa jana,
kiache kilainike.

Simu. Ni Bituro, yuko Kayenze,
magunia ya dagaa yapo barabarani. Uko wapi?
Nimeshapita Ilemela, nasema,
na injini inanguruma nyuma yangu,
shahidi wa uongo asiyelipwa.

Minza wa darasa la tatu anatoka na sweta la shule,
limefuliwa usiku, bado bichi.
Hanisalimii. Analitandaza juu ya boneti,
mikono ya sweta huku na huku
kama mtu aliyekumbatia ng'ombe,
kisha anaweka mashavu yake pale palipobaki.
Kuku wawili wameshawahi chini ya injini.

Ukutani, upande wa pili, analala baba.
Kiharusi kilichukua mkono wa kulia, kikachukua maneno,
masikio kikayasahau.
Kila alfajiri anasikiliza.
Pete yake kwenye chuma cha kitanda:
ngo, mara moja, bado.
Ngo ngo, nenda.
Sijawahi kuondoka kwa ngo moja.

Leo mlio umeshatulia,
moshi umekuwa mwembamba, umepotea,
na ukuta kimya.
Nangoja. Nazima redio ambayo haikuwa imewashwa.
Ukuta kimya.

Nashuka, naacha mlango wazi,
naingia ndani nikiwa sipumui vizuri.
Amelala.
Amelala tu, mdomo wazi, anakoroma kwa mpigo uleule
wa gari lililo nje,
mtu ambaye tangu Pasaka hajapata usiku mzima.
Mguu umetoka kwenye blanketi, wa baridi.
Naufunika, naushika kidogo,
imo, ibili, idatu,
hadi unapata moto.

Narudi kwenye usukani. Nasikiliza mwenyewe.
Kuna kitu kama mbegu kikigonga kwenye silinda ya tatu,
kisha hakigongi.
Ngo ngo, nasema kwa mdomo,
kwa aibu, maana hakuna anayesikia.

Natoa jiwe. Tunateremka, mimi na Msukuma,
hatusukumwi na mtu,
mawe yanapita kushoto, ziwa linafunguka kwa rangi ya bati,
na nimeshafika kwenye kona ya mashine ya kusaga
ndipo naisikia sauti nyuma, na kandambili zikipiga changarawe:

Dada Nyanzobe! Sweta langu!
Dada Nyanzobe!

Nalo limelala pale mbele yangu,
limeshikilia boneti kwa mikono miwili,
karibu kukauka.